Kugawa majimbo ya elimu Ituri: ofisi inakaribia, lakini listingi na feza vinabaki wapi?

Tuseme wewe ni mwalimu wa kalasi ya nne katika kijiji kimoja cha ndani, wilaya ya Djugu. Huu ni mwaka wa tatu unafundisha, lakini jina lako halijaingia kwenye listingi ya mshahara. Ofisini wanakuita NU, yaani « nouvelle unité », mwalimu ambaye Leta haijaanza kumlipa. Faili yako ilitoka shuleni, ikapita kwa sous-PROVED, ikafika Bunia. Halafu kimya.

Ili kujua imekwama wapi, unaomba ruhusa kwa direkta, unatafuta pikipiki hadi barabara ya kitaifa nambari 27, na kabla ya kupanda unauliza kama njia ni nzuri leo. Mtu wa Ituri anaelewa swali hilo maana yake nini. Ukifika Bunia, unalala kwa ndugu. Asubuhi ofisini wanakuambia karatasi moja inakosekana, au mwenye kuhusika amesafiri, rudi kesho. Siku tatu au nne zinapita, na kule kijijini kalasi yako haina mwalimu.

Mwalimu huyu ni mfano tu, lakini walimu wa Ituri wanaijua safari yake. Ndiyo maana, kila mwaka wa shule unapoanza, ombi lile lile linarudi midomoni mwa walimu, wazazi na wabunge: tugawieni jimbo la elimu, tuleteeni ofisi karibu. Ombi hilo lina haki yake. Lakini historia ya Ituri yenyewe, na ya majirani wetu, inaonyesha kwamba mgawo unaweza kuleta ofisi mpya bila kumwondolea mwalimu safari hata moja.

Jimbo la elimu ni nini?

Wengi wanachanganya mambo mawili. Kuna jimbo la Ituri, lenye wilaya (teritware) tano: Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa, na mji mkuu Bunia. Hilo limewekwa na katiba. Halafu kuna jimbo la elimu, « province éducationnelle » kwa Kifaransa. Hilo ni eneo la kazi la wizara ya elimu, na linaongozwa na PROVED. Chini yake kuna maeneo madogo yenye sous-PROVED, na chini ya hayo ndipo ziko shule.

Jimbo moja la kisiasa linaweza kuwa na majimbo ya elimu mawili, matatu au zaidi. Ituri inayo matatu: Ituri 1, yenye makao Bunia, Ituri 2 na Ituri 3. Kitaifa, hesabu ya zamani ilikuwa majimbo ya elimu 30. Miaka ya hivi karibuni imefika 60. Maana yake, nchi imekwisha kugawa sana. Swali la kujiuliza ni kama mwalimu wa kijijini ameona tofauti.

Nani ana haki ya kugawa?

Kwa jimbo la kisiasa, jibu liko wazi. Kipengele cha 4 cha katiba ya 18 Februari 2006 kinasema kwamba majimbo na maeneo mapya yanaweza kuundwa kwa kugawa au kwa kuunganisha, lakini kwa kufuata katiba na sheria. Bila sheria hakuna jimbo.

Kwa jimbo la elimu, njia ni fupi zaidi. Linaundwa kwa uamuzi wa waziri wa elimu, ile karatasi inayoitwa arrêté. Bunge halipigi kura. Wepesi huo una faida: waziri anaweza kusikia kilio cha watu na kukijibu haraka. Una hasara pia: ofisi inaweza kuzaliwa bila mtu yeyote kuulizwa feza yake itatoka wapi, kwa sababu swali hilo huulizwa wakati wa kujadili bajeti, na bajeti haijadiliwi kwenye arrêté.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kipengele cha 204 cha katiba kinaweka elimu ya chekechea, ya msingi, ya sekondari na elimu maalum katika madaraka ya jimbo, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Sheria ya elimu nambari 14/004 ya 11 Februari 2014 ilikuja baadaye kupanga mfumo mzima. Hata hivyo, kwa kazi za kila siku, PROVED anateuliwa na Kinshasa, mwalimu analipwa na Kinshasa, na listingi inatengenezwa Kinshasa.

Kwa Ituri jambo hili ni zito zaidi. Tangu 6 Mei 2021, siku utawala wa kijeshi ulipoanza kazi hapa na Kivu Kaskazini, bunge la jimbo liliwekwa kando. Kiti ambacho wajumbe wa Mahagi, Mambasa au Aru wangesimama na kusema « mpaka usipite hapa, pitisheni pale » kikabaki bila mtu. Mgawo ukifanywa katika hali hiyo, unafanywa bila wale watakaoishi ndani yake.

Ituri inajua maana ya mpaka usio na sheria

Wakubwa wa Bunia wanakumbuka. Baada ya uhuru, kuanzia 1962, kulikuwa na jimbo dogo la Kibali-Ituri. Mwaka 1966 likarudishwa ndani ya Haut-Zaïre ya baadaye, yaani Jimbo la Mashariki, na Ituri ikawa wilaya iliyoongozwa kutoka Kisangani.

Juni 1999, jina hilo likarudi kwa njia nyingine. Generali James Kazini wa jeshi la Uganda, ambalo wakati ule lilikuwa limeshika eneo hili, alitangaza jimbo la Kibali-Ituri na kumweka gavana. Hakukuwa na sheria ya Kongo, wala kura, wala mazungumzo na jamii zote. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye ililitaja tendo hilo katika hukumu yake ya 19 Desemba 2005, iliposema kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri kwa nguvu. Ugomvi wa mashamba wa Djugu uliokuwa umeanza kuwaka mwaka ule ule haukuzimwa na mpaka huo. Watu wengi waliona kwamba uongozi mpya umeegemea upande mmoja, na moto ukazidi.

Ofisi ya shule si jimbo, na PROVED si gavana wa vita. Lakini somo linabaki: Ituri, mtu akichora mstari bila kueleza kwa nini unapita pale, watu watatafuta sababu wenyewe, na sababu ya kwanza watakayoiona ni kabila.

2015: mgawo wa sheria, matunda nusu nusu

Mgawo mkubwa wa pili ulifuata sheria. Katiba ya 2006 ilitaka nchi iwe na majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa, na Ituri ni mmoja wa hayo. Ilichukua karibu miaka tisa. Sheria nambari 15/004 ya 28 Februari 2015 iliweka jinsi ya kuanzisha majimbo mapya, na ile nambari 15/006 ya 25 Machi 2015 ikaweka mipaka yake. Majimbo sita ya zamani yakazaa 21. Jimbo la Mashariki likazaa manne: Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele. Oktoba 2015 Raisi aliteua makomiseri maalum wa kuyaongoza, na Machi 2016 magavana wakachaguliwa.

Kwa mtu wa Ituri faida ilionekana mara moja. Kabla ya hapo, jambo la jimbo lilikuwa Kisangani, karibu kilomita 700 kutoka Bunia. Baada ya hapo, gavana, wizara za jimbo na bunge vilikuwa mjini.

Kasoro nayo ilionekana. Majimbo mapya yalianza na majengo ya kuazima, watumishi wachache na feza kidogo. Kipengele cha 175 cha katiba kinasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe pale pale yanapoingia. Hesabu hiyo haijawahi kufuatwa kama ilivyoandikwa, na magavana wengi wamelalamika juu yake. Kwa hiyo majimbo mapya yalipata jina na mipaka, lakini hayakupata mfuko unaolingana na kazi yake.

Ndivyo inavyoweza kutokea kwa jimbo la elimu pia, na hapo wanaoumia ni wanafunzi.

Ofisi inakula nini?

Kabla ya Septemba 2019, wazazi walilipa karibu kila kitu. Feza waliyotoa shuleni haikubaki shuleni yote. Sehemu ilipanda ngazi: kwa sous-PROVED, kwa PROVED, kwa wakaguzi, kwa makoordinasio ya makanisa. Kila ofisi ilikuwa na fungu lake. Ofisi zilipoongezeka, midomo iliongezeka, na wazazi ndio waliolisha.

Elimu ya msingi ya bure, ambayo katiba ilikuwa imekwisha kuiweka katika kipengele cha 43, ilipoanza kutumika mwaka 2019, njia hiyo ilipaswa kufungwa. Serikali ikaahidi feza za uendeshaji kwa shule na kwa ofisi zinazosimamia shule. Feza hizo hazifiki kila mara kwa wakati, na haziendi kila mahali. Ofisi mpya isiyo na mstari wake katika bajeti ya Leta inabaki na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni wa shule. Karatasi ya kusainiwa inaanza kuwa na bei, ziara ya mkaguzi inaanza kuhitaji « usafiri », na direkta anarudi kwa wazazi akiwa na jina jipya la mchango.

Kuna jambo lingine ambalo wapangaji wa Kinshasa husahau. Shule nyingi za Ituri si za Leta moja kwa moja. Kwa mapatano ya 26 Februari 1977, makanisa yanasimamia shule zao: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, na baadaye Waislamu pia. Hapa Bunia kila mtu anazijua shule za CECA 20 na za dayosisi ya Bunia. Kila mtandao una koordinasio yake. Jimbo la elimu likigawanywa, mitandao nayo hufikiria kugawa ofisi zake ili iende sawa na PROVED mpya. Kwa hiyo ofisi haiongezeki moja. Zinaweza kuongezeka tatu, nne, hata zaidi.

Listingi ndiyo moyo

Mwalimu yeyote atakuambia: ofisi bila listingi ni jengo tu. Kazi ya kuandaa mishahara ilikuwa ya SECOPE, na leo iko mikononi mwa DINACOPE. Huko ndiko jina linapoingia au linapobaki nje. Huko pia ndiko ukaguzi wa feza za Leta, IGF, ulipokuta mwaka 2020 shule za hewa na walimu wa hewa, majina yanayokula mshahara bila kuwa na kalasi.

Mgawo unafungua mlango mpya kwa hewa hiyo. Shule moja inaweza kuandikwa pande zote mbili za mpaka mpya. Nyingine inaweza kuanguka katikati: jimbo la zamani limeifuta, la mpya halijaiandika, na walimu wake wanakaa miezi bila mshahara huku ofisi mbili zikirushiana karatasi. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha shule hata moja, inafaa listingi ihesabiwe, shule kwa shule, mwalimu kwa mwalimu, na matokeo yabandikwe ukutani ili kila mtu ayasome.

Majirani walijifunza nini?

Ng'ambo ya mpaka, ndugu zetu wa Uganda wamegawa kuliko sisi. Wilaya zilikuwa 33 mwaka 1986. Leo ni 135 pamoja na mji wa Kampala, na kule afisa wa elimu anafuata wilaya: wilaya mpya, ofisi mpya ya elimu. Mwaluru wa Mahagi anaona mbele yake mahali palipokuwa wilaya moja ya Nebbi: Zombo ilitoka ndani yake mwaka 2009, Pakwach mwaka 2017. Mtu wa Aru anaona Arua, iliyozaa Yumbe mwaka 2000, Koboko mwaka 2005, na nyingine baadaye.

Kuna mambo mawili ya kuchukua kule. La kwanza ni zuri. Kipengele cha 179 cha katiba ya Uganda kinasema wilaya mpya iundwe kwa sababu ya uongozi bora na kuleta huduma karibu na watu, na kwamba inaweza kuangaliwa njia za mawasiliano, hali ya nchi, wingi wa watu, uwezo wa uchumi na matakwa ya wenyeji. Sababu za mgawo zimeandikwa, na mwananchi anaweza kuzidai.

La pili ni onyo. Mwaka 2006 Maracha na Terego zilipewa wilaya moja mpya kutoka Arua. Watu wakashindwa kuelewana juu ya mahali pa makao makuu. Terego ikabaki upande wa Arua kwa miaka mingi, hadi ilipopata wilaya yake mwaka 2020. Ugomvi ulikuwa juu ya kijiji gani kipate ofisi, na huduma ikangoja.

Kenya nayo ilionja mgawo bila sheria. Maraisi walitangaza wilaya kwenye mikutano ya siasa hadi zikapita 200. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya halali ni zile tu za sheria ya 1992: wilaya 46 pamoja na Nairobi. Katiba ya 2010 ikarudi kwenye hesabu hiyo hiyo na kuunda kaunti 47. Wilaya nyingi zilizoshangiliwa kwa ngoma hazikuwa na mguu wa sheria wa kusimamia.

Mpaka upite wapi?

Turudi Djugu. Ramani ya wilaya hii ina sekta na usultani nyingi: Walendu Pitsi, Walendu Djatsi, Walendu Tatsi, Bahema Nord, Bahema Badjere, Mambisa, Ndo Okebo, Banyali Kilo na nyingine. Jambo rahisi kwa mtu wa ofisini ni kuchukua kalamu na kufuata mipaka hiyo. Jambo rahisi hilo lina hatari yake: siku moja mtoto ataambiwa shule hii si ya upande wenu.

Njia bora ni kufuata miguu ya watoto na magurudumu ya pikipiki. Mwalimu wa kijiji fulani anapita soko gani? Mvua ikinyesha, daraja gani linakatika? Kituo cha mtihani wa Leta kiko wapi? Ofisi ya kilomita 40 kwenye njia iliyofungwa ni mbali kuliko ya kilomita 80 kwenye njia iliyo wazi.

Kuna pia shule zisizo na mahali. Vita vimewasukuma wakaaji wa Djugu na Irumu hadi kambi kama Kigonze, hapa Bunia. Shule nyingi zimehamishwa na direkta wake, walimu wake na wanafunzi wake. Kwenye ramani shule iko kijijini. Kwa kweli iko mjini, chini ya turubai au ndani ya kalasi za wengine, mchana baada ya wenyeji kutoka. Mpaka mpya ukichorwa, shule hiyo itahesabiwa wapi? Feza yake ya uendeshaji itafuata kijiji au itafuata watoto? Maandishi ya mgawo yakinyamaza hapo, watoto waliokwisha kupoteza nyumba watapoteza na nafasi yao katika hesabu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kushangilia

Siku mbunge, mkubwa wa elimu au mgombea atakapokuja kijijini na kutangaza kwamba jimbo la elimu litagawanywa, wazazi na walimu wanaweza kumwuliza mambo matano kwa utulivu.

Karatasi iko wapi, imesainiwa na nani, na inataja shule gani kwa majina? Mstari wa bajeti uko wapi, na unaanza mwaka gani? Listingi imehesabiwa kabla au itahesabiwa baadaye? Makao ya ofisi yamechaguliwa kwa sababu gani, na wenyeji waliulizwa? Shule zilizohamishwa na vita zimewekwa upande gani?

Mtu mwenye majibu matano analeta mgawo. Mtu asiye na hata moja analeta kibao cha kutundika mlangoni.

Yule mwalimu wetu wa Djugu hahitaji kujua kama anakaa Ituri 1 au Ituri 4. Anahitaji mahali pa karibu ambapo mtu atafungua faili yake, ataona karatasi inayokosekana, ataipokea siku hiyo hiyo, na jina lake liende Kinshasa bila yeye kuacha kalasi. Kama ofisi mpya inaweza kufanya hivyo, igawanywe hata kesho. Kama itaipokea faili tu ili kuituma Bunia, basi tumeongeza kituo kimoja njiani, na pikipiki bado atailipa yeye.